Kisu cha Upande Mmoja

Mpaka leo, kijijini kwetu, ukimtaja Bibi Shamba hukosi mtu wa kusema, "Yule? Yule mkono wake ulikuwa unaua." Na anayesema hivyo anasema huku anatafuna korosho! Korosho za mikorosho ambayo yule mama alitufundisha kuibebesha, mche kwa mche, akiwa amepiga magoti kwenye vumbi letu. Nikisikia maneno hayo damu inanichemka. Nimeyavumilia miaka minane na sasa basi. Nitaeleza alivyokuwa, na nitaeleza kisu chake kilifanywa nini, maana kosa lilikuwa la kisu wala halikuwa la mkono wa mtu, na aliyekiharibu namjua vizuri sana.

Jina lake alikuwa nalo, lakini sisi tulimwita Bibi Shamba, kama anavyoitwa kila mwanamke anayeletwa na serikali kufundisha kilimo. Alikaa nasi miaka sita huku milimani Kilwa, katika chumba kimoja nyuma ya ofisi ya kijiji. Kazi yake kubwa ilikuwa kubebesha. Kwa asiyejua, unachukua kikonyo cha mkorosho unaozaa vizuri, unakichonga, unakichomeka kwenye shina la mche mchanga uliokatwa kichwa, kisha unafunga kwa nailoni mpaka vishikane viwe mti mmoja. Neno lenyewe ni lile lile la kumbebesha mtu mtoto mgongoni. Na neno hilo ndilo lililomponza.

Alikuwa mfupi, sauti kubwa. Buti za mvua alizivaa masika na kiangazi, na kanga juu ya suruali. Kupika hakujua kabisa. Ugali wake ulikuwa na madonge ya kumtoa mtu meno, na sufuria zake, Mungu anisamehe, ungedhani zimeokotwa kwenye tanuri la mkaa. Kitanda hakutandika. Mikutano yote alichelewa. Lakini kile kisu! Kisu cha kukunja, mpini wa mti mwekundu, alikivaa kiunoni katika mfuko alioushona mwenyewe kwa mpira wa baiskeli, na kilikuwa kisafi kuliko kikombe alichotukaribishia chai.

Nilimwambia siku moja, "Bibi Shamba, laiti sufuria zingekuwa visu."

"Sufuria ikiwa chafu naumwa tumbo mimi peke yangu," akanijibu. "Kisu kikiwa chafu unaumwa mche, halafu mnaumwa ninyi nyote."

Kazi ikiisha, kabla ya kunawa, kabla hata ya kunywa maji, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akakikunjua. Utomvu wa mkorosho huganda kwenye bapa ukawa mweusi, na mchanga huingia pale panapokunjika. Pale pana pini, na yeye alipaita goti. "Kisu kinazeekea gotini, kama mimi," alisema. Alikuwa na mswaki mkuukuu, kopo la mafuta ya taa, kipande cha shati na njiti ya kiberiti aliyoichonga ncha. Alichovya mswaki akasugua goti kisu kikiwa wazi, akasugua kikiwa kimekunjwa nusu, akasugua tena kikiwa kimekunjwa chote, mpaka weusi ukaacha kutoka. Akafuta, akakianika kidogo, akatia tone moja la mafuta ya cherehani. Moja! Ukitia mawili anakufokea kana kwamba umemwagia mchuzi kitandani kwake, kile kitanda ambacho mwenyewe hakukitandika.

Mwisho kabisa ilikuja skrubu ya goti. Aliikaza kwa ncha ya bisibisi ndogo, kidogo tu, kisha akakishika kisu kikiwa nusu wazi, kichwa chini. Kikianguka chenyewe, kimelegea. Ukikitikisa mara moja kisianguke, kimekazwa mno. Kilitakiwa kingoje, na ukikitikisa ndipo kianguke. Alirudia hata mara tano huku nzi wanamtambaa usoni, na sisi tumesimama na majembe begani tunataka kwenda makwetu. Ilikuwa inaniudhi! Siku moja nikamwambia hicho ni kisu, si saa ya ukutani. Akanionyesha kidole chake cha shahada, kina kovu refu limezunguka kama pete. "Goti lililegea, kikanifungia," akasema. "Nilikuwa na haraka kama yako."

Kumpa mtu kisu mkononi hakukubali. Alikikunja, akakiweka chini, nawe ukakiokota mwenyewe. Na ole wako ukitumie kukatia kitu kingine! Mwenyekiti wa kikundi chetu cha miche alikichukua siku moja kwenye meza akaanza kumenyea chungwa. Bibi Shamba alimpokonya mbele ya watu wote, chungwa likaanguka likaviringika. "Mwenyekiti," akasema, "mswaki wangu je, ungeutumia?" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mwenyekiti hakucheka. Na hakusahau.

Usidhani alikuwa malaika. Mimi nilimfuma, kwa macho yangu haya, amekaa nyuma ya ofisi anakatia kisu hicho hicho kucha za miguu. Tukatazamana.

"Hukuona kitu," akasema.

"Nimeona."

"Basi kisafishe wewe, ndiyo adhabu ya mwenye macho."

Nikakisafisha, wallahi, huku nanung'unika. Lakini yeye, Mkatoliki aliyevaa rozari shingoni, mwezi wa Ramadhani hakunywa tone la maji mbele yetu shambani, jua likiwa kichwani. Hatukumwomba. Nilimuuliza, akasema anaogopa tukiyatamani maji yake tutajikata vidole. Hivyo ndivyo alivyokuwa, kila wema wake aliufunika kwa mzaha, na huo mzaha nao ulikuja kumgeuka.

Wanawake kwetu wakikuzoea wanakuuliza watoto. Walimuuliza mwezi wa kwanza tu, kisimani. Naye, na dharau zake za utani, akanyoosha mkono kwenye mistari ya viriba vya miche. "Wanangu? Wale pale. Na wote wana kiu, leteni ndoo." Wakacheka. Nami nikacheka. Kisha, jamani, tukaenda nyumbani na neno hilo kama lilivyo. Hajazaa. Maskini, hajazaa. Hakuna aliyerudi kumuuliza mara ya pili, maana tulishajua! Likatulia hivyo miaka, halina madhara, hadi siku lilipotafutiwa kazi.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Kisu kilikuwa na zamu. Mwaka wake wa tano alianza kutuachia, kila juma mmoja wetu anakichukua baada ya kazi, anakisafisha kwake, anakirudisha. "Nikihama leo, mtabaki na mikono inayojua kazi," alisema. Juma la kubebesha miche ya msimu, zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimekaa uani alasiri, nimeshasugua goti, nimeshatia tone langu moja, nimeshajaribu skrubu, kinangoja, kinaanguka, safi kabisa. Nikajiona fundi. Nikakitazama tena. Upande mmoja una makali, umeteremka vizuri. Upande wa pili ni bapa tupu.

Aliyekulia na kisu cha jikoni atanielewa. Kisu kinanolewa pande mbili. Mama yangu alinoa pande mbili, bibi yangu alinoa pande mbili, na anayechinja kwetu atakuambia makali ya upande mmoja ni kumtesa mnyama. Nilikiona kile kisu kama kazi ya mtu aliyeitwa katikati akaiacha. Yule mama alikuwa na homa juma lile, anatetemeka na bado anafika shambani. Nikasema moyoni, amechoka, hakupata nafasi, ngoja nimfurahishe. Nikachukua jiwe la kunolea la baba mkwe, nikanoa lile bapa mpaka likang'aa. Nikalinyolea vinyweleo vya mkononi kulijaribu. Nilikuwa na furaha gani! Ndiyo. Aliyekiharibu ni mimi.

Bapa lile ndilo linalokata kikonyo kinyooke. Ukilinoa, kisu kinapanda na kushuka ndani ya mti, unatoa mkato wenye kijitumbo. Kwa macho huoni. Unauchomeka kwenye shina, unafunga, unaamini vimekutana, kumbe katikati pana nafasi na hewa inaingia. Alikuwa ametuambia, nadhani mara mia. Lakini jambo ukiambiwa na mtu anayekukera kila siku kwa kisu chake, linaingia sikio hili linatokea lile.

Kesho yake mimi nilichonga vikonyo, yeye akachomeka na kufunga. Homa ilikuwa imempanda, amejifunga kanga kichwani, anafunga haraka haraka bila kuinua macho. Miche mistari kumi na miwili. Wiki ya tatu vikonyo vilikuwa vyeusi karibu vyote. Msimu wa kikundi kizima ulikwenda hivyo.

Siku nne kabla ya mkutano wa kikundi kuhusu hasara ile aliniita nyuma ya ofisi. Akanipa kijiti cha mkorosho, akaweka kisu chini. "Chonga," akasema. Nikachonga. Akachukua kile kijiti, akakilaza juu ya kioo chake cha kujitazamia, akakigusa kwa kidole. Kikabembea juu ya kijitumbo chake. Hakuniambia kitu. Nami sikumwambia kitu. Alikaa kwenye ndoo yake akaanza kulirudisha lile bapa kwenye jiwe, taratibu, na ile kazi ilimchukua alasiri tatu. Kwa hiyo alijua. Zamu tulikuwa tunaijua sote.

Mkutano ulifanyika darasani, shule imefungwa. Mwenyekiti akasimama, akakohoa, akasema kikundi kimepata hasara na lazima tuseme ukweli. Ukweli wake ukawa huu: "Mimi si mtu wa ushirikina. Lakini kila mche ulipita mkononi mwa mtu mmoja. Na mambo haya ya kubebesha yana mikono yake." Nyuma mama mmoja akamalizia, "Mwenyewe hajawahi kubeba mtoto, atawezaje kubebesha mche?"

Astaghfirullahi! Watu walicheka. Si wote, lakini walicheka. Lile chungwa lilikuwa limerudi! Watu wazima, wenye akili zao, waliosali asubuhi, wanamcheka mwanamke ambaye homa yake bado haijamwisha, amesimama mbele yao na buti za mvua. Ningeweza kuwatukana mmoja mmoja kwa jina. Ila naanzia kwangu. Mimi nilikuwa nimekaa dawati la pili, karibu na mlango, na nilikuwa najua, na nilikuwa natazama kucha zangu.

Bibi Shamba alibaki amesimama kitambo. Kisha akasema, "Miche ijayo tutaangalia kisu kabla ya kuanza," akaketi. Basi. Miezi michache baadaye uhamisho ukaja. Siku ya kuondoka alipita kwangu, akakikunja kisu, akakiweka juu ya kizingiti cha mlango. "Mwenye zamu," akasema, na akapanda pikipiki. Mimi mjinga nikajifariji kwamba kanisamehe.

Ningekaa hivyo hivyo mpaka kaburini, kama si mambo ya mwezi uliopita. Tumeletewa afisa mpya, binti mdogo ametoka chuoni, hajaolewa, mchapakazi hasa. Katika kikao chake cha kwanza mwenyekiti, huyo huyo, akamwambia kwa kucheka, "Wewe binti, kwanza uzae, ndiyo uje utushikie miche. Tulishaumwa na mmoja hapa." Binti akainamisha uso, na watu wakacheka kama zamani. Nikasema kha! Hawa wamelifanya mila! Kosa langu la alasiri moja limekuwa sheria ya kijiji, na litampiga kila binti atakayeletwa.

Nikatia kisu kwenye mkoba, nikashuka hadi Nangurukuru, nikapata basi la Lindi. Nilikuwa nimesikia kwamba amestaafu, anakaa Mitwero. Nikaulizia kwa sifa za buti, nikaonyeshwa nyumba ya bati yenye viriba barazani.

Nikapiga hodi. Akanifungulia mwanamke wa miaka kama thelathini na tano, mfupi, sauti kubwa. "Karibu mama, shikamoo." Nikaitikia marahaba huku nimekodoa macho. Akageuka ndani akaita, "Mama! Una mgeni, nadhani wa kule Kilwa." Nikadhani ndivyo wanavyomwita watu wote pale, kwa heshima. Kisha nikamtazama yule mwanamke usoni mara ya pili, nikashika mwimo wa mlango.

Bibi Shamba alikuwa amekaa juu ya ndoo. Kiti kipo, amekaa juu ya ndoo! Amekonda, miguu imevimba. "Shikamoo Bibi Shamba."

"Marahaba. Kiko wapi?"

Nikakiweka chini, kimekunjwa. Akakiokota, akakikunjua, akakinusa.

"Umetia mafuta ya nazi."

"Ya cherehani yaliisha."

"Kwa hiyo ukaona ukikaange." Akaita mswaki na mafuta ya taa, binti yake akaleta bila kuuliza vya nini. Akaanza kusugua. Mafuta ya nazi yalikuwa yameganda gotini na mchanga, yanatoka kama uji. Mikono yake inatetemeka siku hizi, lakini ikishika kisu inatulia. Nikasema yote pale pale kabla sijakaribishwa kukaa. Lile bapa, lile jiwe la baba mkwe, nilivyotaka kumfurahisha.

"Nilikuwa naumwa nikafunga bila kutazama mikato," akasema. "Hilo ni langu, na nimelikubali zamani. Lako najua pia. Sijangoja miaka minane uniambie ninalolijua."

"Basi kwa nini hukusema siku ile?"

Akaacha kusugua. "Nilikuwa nakungoja wewe. Ulikaa dawati la pili karibu na mlango, na kilemba cha kijani. Nikasema sasa atanyanyuka. Yule mama akasema lile neno, nikasema, sasa. Ndiyo maana nilisimama muda mrefu vile. Nilikuwa nakupa nafasi."

Nililia. Hakunibembeleza, aliendelea na mswaki wake.

Baadaye nikauliza kwa sauti ndogo, nikionyesha ndani, "Na huyu je? Tulikuita tasa, na una mtoto! Ungesema neno moja tu."

Hapo alikasirika. Sikuwahi kumwona amekasirika kweli, kumbe zile kelele zote za shambani zilikuwa utani. "Nimlete mwanangu mkutanoni awe shahidi wa miche? Huyu alilelewa na dada yangu kule Rasbura ili mimi nipige magoti kwenye vumbi la vijiji vya watu, miaka mingi kabla ya kufika kwenu. Nilimbeba mgongoni, nikamshusha, nikaenda kazini. Na kama nisingezaa? Ndiyo mkono wangu ungekuwa unaua? Mwanangu si jibu la swali lile. Jibu la swali lile ni kisu!"

Akafuta bapa. Akatia tone. Akakaza skrubu, akakishika nusu wazi, kichwa chini. Kikangoja. Akakitikisa, kikaanguka. Akakikunja. Nikangoja akiweke chini nikiokote. Akakitia mfukoni mwake.

"Kwangu umeshasema, na kwangu haina faida," akasema. "Kaseme ulikonyamaza. Kisha uje ukichukue."

Alhamisi kikundi kilikaa baada ya swala ya alasiri, darasa lile lile. Afisa mpya alikuwepo, ameketi pembeni. Nilikaa dawati la mbele. Kabla mwenyekiti hajafungua kikao nikasimama nikasema: ile miche niliiua mimi, nilinoa kisu pande mbili, mkono wa Bibi Shamba haukuwa na neno, na huyu binti asiambiwe tena habari za kuzaa katika chumba hiki maadamu mimi niko hai. Yule mama wa siku ile alijifunika mtandio.

"Na hicho kisu kiko wapi?" akauliza mwenyekiti.

"Kiko kwa mwenyewe."

Akakuna kichwa, akacheka cheka. "Sasa na wewe Mama Salma, miaka yote hiyo! Ungesema mapema si tungekwenda kumwomba radhi yule mama?"

"Mitwero si mbali," nikamwambia. "Mabasi yapo. Nendeni wote, mkapige hodi."

Atakayewafungulia mlango sikuwaambia.